Kukadiria kipato cha kaya Kitui: kwa mnaoanza kazi ya takwimu

Mkiombwa grafu ya kipato cha kaya katika kaunti kwa miaka kumi au ishirini, anzeni na hojaji, si kompyuta. Kuchora mstari ni kazi ya dakika chache. Kujua kama nukta mnazoziunganisha zinapima kitu kimoja kunaweza kuchukua wiki, na hapo ndipo penye kazi. Nitatumia Kaunti ya Kitui, Kenya, kwa sababu karibu kila mtego ninaoujua upo pale.

Tazameni kaunti yenyewe. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2005/06 ulifanywa kwa wilaya, kwani serikali za kaunti zilianza kazi 2013. Sehemu kubwa ya Kitui ya leo ilikuwa wilaya mbili, Kitui na Mwingi. Nimeona watu wakichukua mediani ya wilaya moja na ya nyingine, wakajumlisha, wakagawanya kwa mbili. Jibu hilo halina maana. Wastani huunganishika ukijua kila upande una kaya ngapi, lakini mediani ni kipato cha yule aliye katikati ya foleni, na foleni mbili zikiungana watu wote hupangwa upya. Rudini kwenye data ya kaya moja moja, ziunganisheni, tumieni uzito wa sampuli (idadi ya kaya ambazo kila kaya iliyohojiwa inawakilisha), ndipo mtafute katikati.

Halafu kuna mvua, jambo ambalo wageni wengi wa kazi hii hawaliulizi kabisa. Mkulima wa Kitui hutegemea zaidi mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba. Ndizo za ndengu, kunde na mtama. Utafiti wa 2005/06 ulianza Mei 2005 na kuendelea mwaka mzima. Vuli ya 2005 ikakosekana, na kufikia mwanzoni mwa 2006 Rais Kibaki alikuwa ametangaza njaa kuwa janga la kitaifa. Utafiti uliofuata ulianza Septemba 2015 ukamalizika Agosti 2016, ukiwa na vuli ya mwaka wa El Niño ndani yake. Vuli ya 2016 ilipokosekana, na ukame ukatangazwa janga Februari 2017, wadadisi walikuwa wameshaondoka. Kwa hiyo mkiona mstari wa Kitui unapanda kati ya tafiti hizo mbili, sehemu yake inaweza kuwa maendeleo na sehemu yake ni mvua tu. Andikeni hivyo chini ya grafu, kwa maneno yanayosomeka.

Kuhusu kipato chenyewe: mwulize mkulima anapata shilingi ngapi kwa mwezi, atakutajia kibarua. Hatataja mbuzi aliyeuzwa kulipa karo, maziwa yaliyonywewa nyumbani, wala mahindi yaliyotoka ghalani. Ndiyo maana Shirika la Kitaifa la Takwimu hupima umaskini kwa matumizi ya kaya. Nami nawashauri matumizi yawe uti wa mgongo wa makadirio yenu, na kichwa cha grafu kiseme “matumizi”, hata kama mkubwa aliomba “kipato”. Pesa zinazotumwa kutoka Nairobi au Mombasa zinahitaji uangalifu wa pekee. M-Pesa ilianza Machi 2007, katikati ya tafiti hizo mbili. Kabla yake pesa zilikuja kwa bahasha au kwa mkono wa jamaa aliyepanda basi, na bahasha ni rahisi kusahaulika mbele ya mdadisi. Ongezeko la pesa za kutumiwa huenda kwa sehemu ni ongezeko la kumbukumbu.

Bei nazo. Mstari wa umaskini wa vijijini ulikuwa Sh1,562 kwa mwezi kwa kila mtu mzima linganifu (hesabu ambamo mtoto ni sehemu tu ya mtu mzima) 2005/06, na Sh3,252 mwaka 2015/16. Hicho si kipimo kamili cha mfumuko, lakini kinaonyesha kwamba kaya ambayo shilingi zake ziliongezeka kwa nusu tu haikusonga mbele. Fahirisi ya kawaida ya bei inaegemea sana masoko ya mijini, basi tumieni pia bei zilizokusanywa kijijini na utafiti wenyewe.

Ukubwa wa sampuli hauna maneno mengi. Utafiti wa 2015/16 ulilenga kaya 24,000 katika kaunti 47, yaani mia tano na kitu kwa kaunti kwa wastani, kumi kumi kwa kila eneo la sampuli. Majirani hufanana, hivyo mia tano hizo hubeba habari pungufu kuliko mnavyodhani. Pimeni tofauti kati ya miaka pamoja na kosa lake la sampuli, yaani kiasi ambacho jibu lingeweza kubadilika kama kaya nyingine zingechaguliwa. Ikiwa tofauti haijitokezi juu ya kosa hilo, semeni badiliko halionekani, na msikubali kushawishiwa kulipamba, kwa sababu takwimu hizi huenda kwenye meza zinapogawanywa basari na visima.

Mwisho, wekeni programu mliyoandika, hojaji za miaka yote na maelezo ya mipaka ya wilaya katika folda moja. Atakayewafuata atauliza kwa nini 2006 iko chini hivyo, naye asilazimike kuanza upya kutafuta jibu.