Gary Numan si msanii wa wimbo mmoja

Kuna wanaosema mwanamuziki Mwingereza Gary Numan alivuma kwa wimbo mmoja tu, "Cars". Hapana ndugu, siyo wimbo wake pekee uliovuma, ingawa Marekani wengi wanamjua kwa huo tu. Miezi michache kabla, mwaka huohuo wa 1979, alishashika namba moja Uingereza na kundi lake la Tubeway Army kwa "Are 'Friends' Electric?", wimbo wa dakika tano na ushei ambao hata kiitikio cha maana hauna!

Kisa chenyewe kitamu. Alizaliwa London mwaka 1958 kwa jina la Gary Webb. Aliingia studio kurekodi panki (roki ya kasi na fujo) ya magitaa, akakuta sinthesaiza (kinanda cha kuunda sauti kwa umeme) aina ya Minimoog imeachwa pale. Akabonyeza kitufe kimoja, mngurumo ukajaa chumba kizima, na mpango wa albamu ukageuka papo hapo. Baadaye albamu yake The Pleasure Principle, yenye "Cars", haina gitaa kabisa (besi ipo, sikiliza vizuri).

Mwaka 1981 aliaga majukwaa pale Wembley, kosa kubwa kwa maoni yangu. Alirudi, ila mauzo yakadorora hadi albamu ya Sacrifice ya 1994, yenye sauti nzito ya giza, ilipomfufua kisanii. Savage ya 2017 ilifika namba 2 Uingereza. Anza na hiyo.