Jibu: Watoto wa London walisoma na kucheza vipi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia?

Habari ndugu. Umekwama kwa sababu igizo lako lina darasa zima la watoto London mwishoni mwa Septemba 1939, na hujui wacheze nini. Angalia tarehe kwanza. Kuanzia Septemba 1 wanafunzi walihamishwa kwa treni kwenda vijijini kwa hofu ya mabomu, na shule nyingi za jijini zikafungwa. Wapeleke kijijini, au sogeza hadithi hadi 1940, maana wengi walikuwa wamesharejea kwao kufikia Krismasi.

Ukichagua kijijini, shule zilifurika, hivyo mara nyingi wenyeji walisoma asubuhi na wageni mchana. Nilipoandaa igizo la namna hii na wanafunzi wangu, zamu hizo ndizo zilizotupa ugomvi mzuri jukwaani. Kila mtoto abebe barakoa ya gesi ndani ya boksi la kadibodi lenye kamba begani.

Ukichagua London baada ya mashambulizi ya mabomu ya Wajerumani yaliyoanza Septemba 1940, watoto waliokota vipande vya mabomu wakabadilishana kama gololi, na walicheza kwenye vifusi hata walipokatazwa. Hadithi ikifika Julai 1942 au baadaye, peremende ziwe chache: ndipo zilipoingia kwenye mgawo wa serikali, na mgawo huo haukuondolewa kabisa hadi 1953.