Umepona saratani ya puru (mwisho wa utumbo mpana), lakini choo hakikuachi? Sema!

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia: "Dada, mfuko wa choo wa tumboni umeshatolewa, utumbo umeunganishwa, naambiwa nimepona. Mbona nashinda chooni?" Nimemjibu, ila najua mko wengi mnaoogopa kuuliza.

Mionzi, dripu na upasuaji nayaruka, mnayajua. Mimi kilichonitesa kilikuja baada ya hapo. Unatoka chooni, unanawa, unavaa, unafunga mlango wa nyumba, ufunguo bado uko mkononi, haja imerudi. Kidogo, tena kidogo, haiishi. Daladala nilizihama kabisa. Nilipoeleza kliniki, mhudumu akanijibu bila kuinua macho kwenye faili: "Shukuru Mungu uko hai, mama." Neno hilo linaniuma mpaka leo. Nashukuru, ndiyo, lakini kushukuru hakuzuii choo.

Hakuna aliyenieleza kuwa puru ndiyo ghala la choo. Ikikatwa, kinachobaki hakijui kusubiri, na mionzi huzidisha tatizo. Hali hii ina jina, LARS, yaani matatizo ya choo baada ya kukatwa puru, na ina kipimo kilichotungwa na madaktari wa Denmark mwaka 2012. Ni maswali 5: upepo kukuponyoka, choo chepesi kuvuja, unakwenda mara ngapi, unarudi tena ndani ya saa moja, na kubanwa ghafla. Alama zinaishia 42. Kuanzia 30 ni kali. Mimi nilizipita 30.

Basi nikaanza daftari: nimekula nini, nimekwenda saa ngapi. Daktari mwingine akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akaniandikia loperamidi, dawa ya kupunguza kasi ya utumbo, ya kumeza kabla ya kula, isabgol, unga wa nyuzinyuzi wa kukaza choo, na mazoezi ya kubana misuli ya nyonga, ile ya kuzuia choo. Wapo wanaofundishwa kuosha utumbo kwa maji kupitia njia ya haja kubwa. Wapo wanaoomba mfuko warudishiwe, na hao msiwacheke.

Chakula jipime mwenyewe. Mimi maharage na chai ya maziwa hunifukuza. Wali na ndizi mbivu hunituliza. Tawaza kwa maji, usisugue, paka vaselini.

Waislamu wenzangu, najua la udhu linavyoumiza. Niliacha kwenda msikitini kwa aibu ya upepo, mpaka sheikh wetu akaniambia mwenye udhuru wa kudumu hutawadha wakati wa swala ukishaingia, akaswali, hata kikimtoka. Nililia.

Kwa hiyo semeni, jamani! Mnajifungia ndani, harusi hamwendi, msibani hamwendi, mume anadhani umemchoka. Nenda na daftari. Ukijibiwa vibaya, muulize mwingine. Andika, sema, andika tena. Aibu haijawahi kumtibu mtu. Mabadiliko makubwa huja mwaka wa kwanza hadi wa pili, baada ya hapo huwa polepole, kwa hiyo usingoje. Na ukiona damu, au tumbo lililokuwa limetulia likabadilika, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo.