Maswali na majibu: Mzazi, kijana wa miaka 19 na baa ya melini

Msimu wa mahafali umefika Marekani, na barua zinazoniangukia wiki hizi zinauliza jambo moja kwa sauti tofauti: kijana wetu kamaliza shule, tunampeleka Karibi kwa meli ya kitalii, tusaini wapi ili naye apate bia yake? Nimechagua barua chache. Mlioniuliza "safari ya meli ni bei gani?" bila kutaja meli, mwezi wala bandari, barua zenu nimeziona. Nimeziacha makusudi.

Mwanangu ana miaka 19, ni mtu mzima kisheria. Tunaondokea Miami. Kwa nini anyimwe bia? (Baba, Minneapolis)

Kwa sababu mnaondokea Miami. Marekani mtu mzima wa kupiga kura na kushika bunduki jeshini ana miaka 18, na mtu mzima wa kununua bia ana miaka 21. Mwaka 1984 Rais Reagan alisaini sheria iliyoyaambia majimbo: pandisheni umri wa kununua pombe hadi 21, la sivyo tutawakata fedha za barabara kuu. South Dakota ikaenda hadi Mahakama Kuu ya nchi, ikashindwa mwaka 1987. Puerto Rico na US Virgin Islands zilikubali kukatwa hizo fedha, na huko umri ni 18 mpaka leo. Ila usianze kushangilia: meli yako ikitia nanga San Juan, huko Puerto Rico, baa ya melini itaendelea na 21 yake.

Najua utakachorudi nacho, maana kila mwaka narudishiwa hicho hicho: "Meli ina bendera ya Bahamas, na Bahamas ni 18." Ni kweli, meli nyingi za kitalii zimesajiliwa Bahamas, Panama au Bermuda. Lakini kinachokufunga wewe ni masharti ya tiketi, yale uliyobofya "nakubali" ukiwa kwenye foleni ya benki. Kampuni ina uhuru wa kuweka umri mkubwa kuliko ule wa bendera yake, na kampuni zinazochukua abiria Marekani zimeweka 21. Hata kwenye CocoCay, kisiwa cha kampuni ya meli ya Royal Caribbean kilichoko Bahamas kwenyewe, ni 21. Kisiwa ni chao na baa ni yao.

Nimesikia kuna fomu ambayo mzazi akisaini, kijana wa 18 hadi 20 anaruhusiwa. Ipo kweli, au ni maneno ya vijana? (Mama, Houston)

Ipo, lakini si kwa kampuni zote, na haitoi kile vijana wanachodhani inatoa.

Norwegian Cruise Line ndiyo inayojulikana zaidi kwa hilo. Mzazi aliye safarini na kijana wake wa miaka 18, 19 au 20 anaweza kusaini ridhaa, na kijana akanunua bia na mvinyo. Bia na mvinyo tu. Konyagi, ramu, tekila na zile glasi zenye mwavuli wa karatasi hazimo. Ruhusa inatumika meli ikiwa nje ya maji ya Marekani, kwa hiyo msikimbilie kaunta saa kumi jioni wakati majengo ya Miami bado yanaonekana dirishani. Na kama mmekata tiketi ya Pride of America, inayozunguka visiwa vya Hawaii, msijisumbue kabisa: hiyo imesajiliwa Marekani na haitoki nje ya mamlaka ya Marekani.

Disney wana yao, nayo ni kali zaidi. Ni kwa safari zinazoanzia na kuishia Ulaya, katika nchi ambazo umri wa kunywa uko chini ya 21. Mzazi anasaini, kisha anatakiwa awepo kijana anapokunywa. Awepo pale pale, si kwenye sinema ghorofa ya tatu. Carnival, meli ikitoka Marekani, hawana fomu. Ni 21, basi. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo yasome ya safari yako kabla ya kulipa. Usiniletee ya safari ya shemeji yako ya mwaka juzi.

Sasa nataka kusema kitu ambacho mama hukukiuliza. Nilifanya kazi nyuma ya kaunta ya mapokezi ya meli, na fomu hii niliiona ikisainiwa. Ni usiku wa kwanza. Foleni ni ndefu, mtu mmoja analalamika kiyoyozi, mwingine begi lake halijafika. Baba anafika na sahani ya pitsa mkononi, kijana nyuma yake anamsukuma begani. "Nisaini wapi?" Namwonyesha. Hasomi hata mstari mmoja. Kijana ndiye anayesoma, naye anasoma neno "mvinyo" tu. Dakika moja, wameondoka.

Katika mistari ile ambayo baba hakuisoma, amekubali kwamba yeye ndiye atakayewajibika kwa mwenendo wa kijana wake. Amekubali kwamba kijana hatampa rafiki kinywaji hata kimoja, na kwamba meli inaweza kufuta ruhusa hiyo wakati wowote. Wenzetu waliokulia Tanga au Kisumu wanaichukulia karatasi ile kama zawadi ya mahafali. Mwanasheria wa kampuni hakuiandika kama zawadi. Aliiandika ili siku mambo yakiharibika, jina lako liwe la kwanza kwenye faili.

Sisemi usisaini. Kijana wa miaka 20 anayekunywa glasi moja ya mvinyo mezani na wazazi wake hanitishi hata kidogo, na kama anakunywa chuoni gizani, afadhali mumwone. Ninachosema ni usome kwanza, usisaini usiku wa kwanza, na kebini yake isiwe na baraza. Tangu sheria ya usalama wa meli ya mwaka 2010, meli zinazopakia Marekani zinatakiwa ziwe na ukingo usiopungua sentimita 107. Kwa mtu mzima hiyo ni juu ya kiuno. Ukingo wa namna hiyo haumwangushi aliyesimama, unamwangusha aliyeupanda, na watu hawaupandi wakiwa na akili zao.

Mimi ni shangazi, ndiye niliyemlea tangu darasa la pili. Wazazi wake wako Arusha. Naweza kusaini? (Shangazi, Columbus, Ohio)

Kama mahakama ilikupa ulezi, njoo na hati zako. Kama ulimlea tu, na najua neno "tu" hapa linauma, hapana. Kwetu shangazi ni baba wa kike, hilo halina mjadala, lakini kaunta ya meli inataka mzazi au mlezi wa kisheria, aliyepanda meli hiyo hiyo. Barua ya wazazi kutoka Arusha, hata ikigongwa mhuri na wakili, haisaidii. Barua za aina hiyo humsaidia mtoto aliye chini ya miaka 18 kusafiri bila wazazi wake, na hazina habari na baa.

Kwa habari ya kulala naye kebini moja, uko salama. Wanachotaka huko, kwa kampuni nyingi, ni kijana awe na mtu mwenye miaka 21 au zaidi, awe mzazi au asiwe.

Sisi tunaishi Texas, na huku mtoto anaruhusiwa kunywa akiwa na mzazi wake. Meli inaondokea Galveston, ambayo ni Texas. Si sheria ile ile? (Baba, Dallas)

Bwana, umeisoma sheria ya Texas kuliko mawakili wengine. Ni kweli, Texas inamruhusu kijana kunywa mbele ya macho ya mzazi wake. Wisconsin wanakwenda mbali zaidi, kule anaweza kukaa baa na baba yake na akahudumiwa, mwenye baa akikubali. Lakini sheria hizo zinamzuia polisi asikukamate. Hazimlazimishi mwenye baa kukuuzia, na mwenye baa hapa ni kampuni iliyokwisha kusema 21. Ulipopita kwenye daraja la kupandia meli, Texas uliiacha kwenye maegesho ya magari.

Nikimnunulia kwa kadi yangu ya kulipia melini na kumpelekea kwenye kiti cha bwawani, nani atajua? (Bila jina)

Mhudumu. Kamera. Jirani yako kwenye kiti cha pili. Adhabu yake imeandikwa: wewe utafungiwa kununua pombe, na wakiamua, familia nzima itateremshwa bandari inayofuata kwa gharama yenu wenyewe. Jaribu kutafuta tiketi nne za ndege kutoka Cozumel, Mexico, kwenda Houston siku ya Krismasi, halafu uniambie ile bia ilikugharimu kiasi gani.

Tulimkuta baa kijana wetu wa Mombasa, tukafurahi sana, tukaongea. Tulipomwomba amhudumie binti yetu wa miaka 20 alikataa, akawa mkali. Mbona watu wetu wakipata kazi wanabadilika? (Familia, Seattle)

Hili limeniudhi, na nitalijibu taratibu.

Kijana huyo ameondoka Mombasa kwa mkataba wa miezi mingi, hana Jumapili wala Idd. Kabla hajapata dola ya kwanza alishalipia vipimo vya afya, cheti cha usalama baharini na viza, na mara nyingi fedha hizo zilikopwa kwa ndugu. Anapoichanja kadi ya binti yenu, mashine inamwonyesha umri. Akibonyeza "endelea", rekodi inabaki na jina lake. Kumpa pombe abiria asiyeruhusiwa ni kosa la kufukuzwa kazi, na kufukuzwa melini maana yake ni kuteremshwa bandari inayofuata na kurudishwa nyumbani. Ninyi mtarudi Seattle na picha. Yeye atarudi Likoni na deni.

Kwa hiyo hakubadilika. Ninyi ndio mliotumia Kiswahili kama funguo bandia. Mkikutana na vijana wetu melini, na wapo wengi, baa, jikoni, vyumbani, wasalimieni, waulizeni habari za nyumbani, waachieni bakshishi mkononi, na mwisho wa safari waandikeni kwa jina kwenye karatasi ya maoni. Karatasi ile inasomwa na wakubwa wao, na ina uzito katika kupandishwa cheo. Kama bado mna namba yake, mwombeni radhi.

Binti yangu ana miaka 18, ameniletea hiyo fomu. Sisi ni Waislamu. Nalazimika kusaini? (Mama, Toronto)

Hapana. Wala huna haja ya kumweleza sababu mtu wa kaunta.

Mwanangu anafikisha miaka 21 siku ya nne ya safari. (Baba, Atlanta)

Hilo si swali, lakini nimekuelewa. Mwanzoni mfumo unamhesabu kwa umri aliokuwa nao siku ya kuondoka. Siku yenyewe ikifika, aende mapokezi na pasipoti, wabadilishe taarifa zake. Royal Caribbean wanafanya hivyo. Asubiri hadi siku igeuke kweli kweli, maana kila mwaka kuna mmoja anayefika kaunta saa tano usiku akidai kwamba Nairobi kumeshakucha.

Sisi tuko London, tunaondokea Southampton. Haya ya 21 yanatuhusu? (Dada, London)

Kwa kawaida hapana. Safari nyingi zinazoanzia Ulaya ni 18, hata kwa kampuni za Kimarekani kama Royal Caribbean. Angalia safari inaanzia wapi, usiangalie makao makuu ya kampuni. Na mnaopanga kuchukua meli Dubai msimu wa baridi, sheria ya huko ni 21, na hakuna fomu ya mzazi itakayoilegeza.

Tukishuka Nassau, kijana wa 19 anaweza kunywa mjini? (Mama, Fort Lauderdale)

Anaweza, umri wa Bahamas ni 18. Meli haina neno na alichokunywa mjini, ina neno na hali anayorudi nayo. Akirudi anayumba, walinzi wa lango watamweka pembeni na watakuita. Chupa aliyonunua itachukuliwa na kuhifadhiwa mpaka mwisho wa safari, na kwa kuwa hajafika 21, hapo ndipo mtakapoanza kuulizana maswali.

Lakini mimi naiogopa zaidi asubuhi ya kurudi. Mnashuka Fort Lauderdale saa mbili, baba amechoka, anamrushia kijana funguo za gari. Kwa dereva aliye chini ya 21, Florida haisubiri kile kiwango cha pombe mwilini cha watu wazima, yaani 0.08. Inaanzia 0.02, na mabaki ya usiku wa mwisho yanatosha kufika hapo. Kama kijana yuko Marekani kwa viza ya mwanafunzi, elewa kwamba kukamatwa tu kwa kuendesha amelewa kunaweza kufanya viza ifutwe, kabla hakimu hajasema lolote.

Na kasino je? (Kijana, hakusema anaishi wapi wala kama wazazi wanajua ameniandikia)

Kwenye meli nyingi zinazotoka Florida, kasino ni 18. Ndiyo, unaweza kuipoteza ada ya chuo kwenye mashine saa nane usiku, ila huwezi kuagiza bia huku ukiipoteza. Sikutunga mimi. Na wazazi mnaosoma: huko hakuna fomu mtakayoletewa, na kadi ya kijana mara nyingi imeunganishwa na kadi yenu ya benki. Nendeni mapokezi siku ya kwanza mkaweke kikomo cha matumizi.