Usinitajie dau, nitajie timu ya 15

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza: "Ligi ipi ya Ulaya ni kali kuliko zote, na je, madau ya mastaa ndiyo kipimo?" Nusu ya kwanza mtajibiwa na kila mtu, tena kwa kelele, kulingana na jezi aliyovaa. Nusu ya pili ndiyo iliyonichoma. Dirisha la usajili likifungwa tu, kila kijiwe na kila kibanda umiza kinageuka ofisi ya wahasibu: fulani kaenda kwa milioni 100, fulani kwa milioni 125, basi ligi yao ndiyo baba lao. Hakuna anayeuliza hizo pesa zimetoka mfuko gani, zimeandikwaje vitabuni, na aliyezipokea alizifanyia nini. Nitajibu hilo, ingawa hamkuliuliza hivyo.

Turudi Agosti 2017, kwa Mbrazili Neymar, alipotoka Barcelona ya Hispania kwenda Paris Saint-Germain (PSG) ya Ufaransa.

Hispania ina sheria ya mwaka 1985 kuhusu ajira za wanamichezo, inayompa mchezaji haki ya kuvunja mkataba wake katikati mradi klabu ilipwe fidia. Ndiyo maana mikataba ya huko ina kipengele cha bei ya kuvunjia. Mashabiki wengi hudhani hiyo ni bei ya kuuzia. Hapana, ni bei ya kuondokea. Ikilipwa yote, klabu haina cha kujadili, iwe imekasirika au haikukasirika. Mkataba aliosaini Neymar na Barcelona Oktoba 2016 ulikuwa na ngazi tatu: euro milioni 200 mwaka wa kwanza, 222 mwaka wa pili, na 250 kuanzia wa tatu. Wakati huo mchezaji ghali kuliko wote duniani alikuwa Paul Pogba, aliyekuwa ametoka kununuliwa na Manchester United kwa euro milioni 105. Mara mbili ya rekodi ya dunia na chenchi juu: Barcelona waliona wamejenga ukuta. Lakini ukuta wa namba unamzuia mwenye bajeti, na PSG tangu 2011 ilikuwa mikononi mwa Qatar.

Sasa angalia malipo yenyewe, maana hapa ndipo watu huruka. Kisheria anayevunja mkataba ni mchezaji, kwa hiyo mlipaji ni yeye, hata kama kila mtu anajua pesa ni za nani. Utaratibu uliozoeleka ni kuziweka La Liga, wasimamizi wa ligi ya Hispania, nao wanaikabidhi klabu. Alhamisi ya tarehe 3 Agosti mawakili wakafika ofisi za La Liga mjini Madrid na hundi ya euro milioni 222. La Liga wakaikataa. Rais wao, Javier Tebas, alikuwa ameshatangaza kuwa hatazipokea, akidai PSG wanakiuka kanuni za fedha za UEFA, shirikisho la soka la Ulaya. Fikiria kidogo: umebeba hundi ya kununua karibu kikosi kizima cha timu ya kati ya Ulaya, na mhudumu anakwambia hawapokei.

Mawakili hawakubishana. Siku hiyohiyo malipo yakafanywa kwenye ofisi za Barcelona zenyewe. Klabu ikatoa taarifa fupi, kavu kama risiti ya duka, kwamba wawakilishi wa mchezaji wamefika na wamelipa, na kwamba nyaraka zitapelekwa UEFA ili wao waangalie kama kuna la kuadhibu. Usiku PSG wakatangaza mkataba wa miaka mitano.

Basi angecheza Jumamosi? Hakucheza. Mchezaji akihama nchi, shirikisho analotoka lazima litoe hati ya uhamisho ya kimataifa kwa shirikisho anakokwenda. Bila hati hakuna usajili wa ligi, hata uwe umelipa dhahabu. Mwisho wa kupokea usajili kwa mechi ya Amiens ulikuwa usiku wa manane wa Ijumaa, hati haikufika. Mchezaji ghali kuliko wote katika historia akaishia kupunga mkono uwanjani kabla ya mechi, kisha akaenda kukaa jukwaani. Alianza tarehe 13 Agosti, ugenini Guingamp, akafunga na kutoa pasi ya goli, 3-0.

(Wasomaji wa hapa nyumbani wana mfano wao. Fei Toto wa Yanga, Desemba 2022, alitaka kuvunja mkataba, akaweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu: milioni 100 za kuvunjia na mishahara ya miezi mitatu. Klabu ikazikataa, na kamati ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Tofauti haikuwa ukubwa wa pesa. Hispania kuna sheria ya nchi nyuma ya kipengele, kwetu kilikuwa kipengele na tafsiri ya kila upande. Ndiyo maana yalikwisha Juni 2023 kwa klabu mbili kukaa mezani, akaenda Azam.)

Najua nimekaa sana kwenye hiyo hundi. Ni kwa sababu kila kilichofuata kilianzia pale.

Kitabuni, pesa za kuuza mchezaji huingia zote msimu huohuo, baada ya kutoa sehemu ya gharama yake ambayo haijamalizika kufutwa. Pesa za kununua hugawanywa kwa miaka ya mkataba. Kwa PSG, Neymar hakuwa 222 bali 44.4 kila mwaka kwa miaka mitano, kabla ya mshahara. Ukimnunua mtu kwa 100 kwa miaka mitano, ukamuuza baada ya miwili, kitabuni bado ana 60. Ukipata 70 umepata faida ya 10 japo mfukoni umepoteza 30. Na mtoto wa akademi anasimama sifuri, kwa hiyo bei yake yote ni faida. Ndiyo sababu klabu zenye njaa ya hesabu huuza vijana wao wa nyumbani kwanza, na shabiki analia bila kujua ni mhasibu aliyepanga kikosi. Chelsea walivuta kamba hii mpaka ikakaribia kukatika: Enzo Fernández, Januari 2023, pauni milioni 106.8, mkataba wa miaka minane na nusu. Kwa miaka mitano ingekuwa 21.4 kwa mwaka, kwa minane na nusu inashuka hadi kama 12.6. UEFA wakafunga mlango: tangu katikati ya 2023 gharama haigawanywi zaidi ya miaka mitano, na Ligi Kuu England nayo ikafuata Desemba.

Barcelona wao walikuwa na tatizo la kinyume: 222 mkononi na dunia nzima inajua. Hakuna hali mbaya ya kununulia kama hiyo. Borussia Dortmund walikuwa wamemtoa Ousmane Dembélé Rennes mwaka mmoja nyuma kwa kama milioni 15. Ujerumani hakuna sheria ya kulazimisha bei ya kuvunjia, kwa hiyo Dortmund walikaa tu wakasubiri, hata kijana alipogoma mazoezi. Agosti hiyohiyo wakapata 105 taslimu na nyongeza kibao juu yake. Katikati ya Septemba, pale Getafe, msuli wa paja ukamtoa uwanjani, nje kwa miezi. Januari 2018 ikaja zamu ya Coutinho wa Liverpool: 120 kwa klabu yake na 40 za masharti. Ukijumlisha, hela ya Neymar ilikuwa imeisha na deni limeanza.

Liverpool walifanya nini? Virgil van Dijk kutoka Southampton, pauni milioni 75. Alisson kutoka Roma, Julai 2018, euro milioni 62.5 kabla ya nyongeza. Van Dijk alitangazwa Desemba 27, siku chache kabla Coutinho hajaondoka, kwa hiyo anayesema "walimuuza Coutinho wakamnunua Van Dijk" anarahisisha. Lakini hesabu ya mwaka ni ileile: mmoja wa mbele alitoka, beki na kipa wakaingia. Tarehe 7 Mei 2019, Anfield, Barcelona wakiwa na mtaji wa 3-0 wa mechi ya kwanza, Coutinho alianza upande wa wageni na akatolewa kwenye dakika ya 60. Van Dijk na Alisson walikuwa upande wa pili. Ikaisha 4-0. Mwaka uliofuata Coutinho huyohuyo, akiwa Bayern kwa mkopo kutoka Barcelona, aliingia akawafunga Barcelona mabao mawili ya mwisho katika ile 8-2 ya Lisbon. Na Agosti 2021 rais wa Barcelona, Laporta, akatangaza deni la euro bilioni 1.35, na kwamba wakimbakiza Messi mishahara itafika asilimia 110 ya mapato. Messi akaenda Paris.

Kabla sijasahau, maana hili linatuhusu: asilimia 5 ya dau la uhamisho wa kimataifa ni ya klabu zilizomlea mchezaji. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 unalipa robo asilimia ya dau, kila wa 16 hadi 23 nusu asilimia. Kwa dau la euro milioni 10, msimu mmoja wa kijana wa miaka 17 ni euro 50,000. Mtanzania Samatta alipotoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa ya England Januari 2020, kanuni hiyo iligusa klabu zake tangu African Lyon. Kinachoharibu kwetu ni karatasi: mchezaji hakusajiliwa, au jina limeandikwa tofauti, au tarehe hazishikani. Tangu Novemba 2022 malipo hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, na inaangalia pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji. Msimu ambao haumo kwenye mfumo haulipwi, hata kama mtaa mzima unajua alichezea hapo.

Haya, ligi. Nilipoanza barua hii nilitaka kuandika kwamba pesa si kipimo, nikafunga. Ushahidi ninao: kati ya 2014 na 2018 Ligi ya Mabingwa ilichukuliwa na Hispania kila mwaka, Real Madrid mara nne na Barcelona mara moja, wakati England ndiyo yenye mkataba mnono wa televisheni. PSG na Neymar, Mbappé na Messi pamoja hawakulichukua kombe hilo.

Lakini kadiri ninavyoandika naona nilikuwa napima pesa mahali pasipo. Dau la staa linakwambia klabu moja ina nini siku moja. Linganisha hili: msimu wa 2023/24 Sheffield United walimaliza mkiani England, wakashuka, na mgawo wao wa ligi ulikuwa pauni milioni 109.7. Bingwa, Manchester City, 175.9. Wa kwanza hapati hata mara mbili ya wa mwisho. Ufaransa, ule mkataba wa Mediapro wa zaidi ya euro milioni 800 kwa msimu ulianguka mwaka 2020 kabla ya mwaka kuisha, na wa DAZN uliokuja 2024 ulikuwa milioni 400 kwa msimu, nao haukumaliza hata misimu miwili. Staa anaweza kununuliwa na mfuko wa mafuta au wa gesi. Beki wa akiba wa timu ya 15 hanunuliwi na mfuko huo, ananunuliwa na televisheni.

Na hiyo timu ya 15 tuliiona. Mei 21, 2025, fainali ya Ligi ya Europa, Bilbao: Tottenham 1, Manchester United 0. Aliyemaliza wa 17 England alimfunga aliyemaliza wa 15, na zawadi ikawa tiketi ya Ligi ya Mabingwa. Sijui, Mhariri, ligi gani nyingine ingeleta wawili wake wa mkiani kwenye fainali ya Ulaya. Kwa hiyo naandika England, mimi niliyekuja kuwasema mashabiki wake.

Ila msinibandike kwenye ukuta. England ni kali kuanzia katikati kwenda chini. Juu kabisa sina uhakika huo. Msimu huohuo PSG iliwatoa Liverpool kwa penalti, ikawatoa Aston Villa, ikawatoa Arsenal, ikitoka kwenye ligi maskini kuliko zote tano kubwa. Haikuwa na Neymar, haikuwa na Messi, Mbappé alikuwa ameondoka bure. Ilikuwa na Dembélé, yuleyule wa hela za hundi ya Madrid, waliyemtoa Barcelona mwaka 2023 kwa kama milioni 50, chini ya nusu ya alichowagharimu. Siku kumi baada ya Bilbao, kule Munich, PSG waliifunga Inter 5-0 kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, na Septemba Dembélé akabeba Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia. Barcelona wangeweza kuwa naye bado, kama hesabu za 2017 zingekuwa za mtu mwingine.