Stroberi kwenye friza: maswali yenu

Tangu stroberi za Limuru zianze kujaa sokoni, nusu ya maswali ninayopokea ni ya friza. Nimejibu yale yanayojirudia.

Nilitia kilo mbili kwenye mfuko mmoja, zikagandamana kuwa jiwe. Nilikosea wapi? (Msomaji, Ruaka)

Ziliingia na maji, tena zikiwa zimebanana. Wakati mwingine zioshe kwa maji baridi, upesi, vikonyo vikiwa bado vimeshika. Ukitoa kikonyo kwanza, pale kwenye kishimo maji yanapenya na tunda linakuwa chapwa. Zitandaze kwenye kitambaa safi, uzigeuzegeuze hadi kitambaa kisiendelee kulowa. Hapo ndipo utoe vikonyo kwa ncha ya kisu.

Zipange kwenye sinia, upande uliokatwa ukiangalia chini, moja isiguse nyingine, kisha uliache sinia kwenye friza usiku kucha. Asubuhi ukilitikisa utazisikia zikigonga kama kokoto. Zihamishe haraka kwenye mfuko, kamua hewa yote, funga, andika tarehe. Ukitaka tano za uji wa mtoto, utachota tano tu.

Zikiyeyuka zinakuwa teketeke na kutoa maji mekundu. Zimeharibika? (Mama wa wawili, Nakuru)

Hazijaharibika, mama. Stroberi ni maji kwa takriban asilimia 90. Maji hayo yakiganda hupanuka, na chembe za barafu hupasua kuta za seli zilizokuwa zimelishikilia tunda. Zikiganda polepole chembe huwa kubwa na tunda huumia zaidi, kwa hiyo usirundike masinia matatu kwa mpigo, na friza yako iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Hata hivyo, ule ugumu wa tunda bichi haurudi. Za kupambia keki nunua mbichi. Hizi zitie kwenye mtindi au uzisage na maziwa zikiwa bado ngumu. Mimi huzipenda zikiwa zimelainika nje na katikati kuna barafu kidogo.

Nimeuziwa zenye weupe karibu na kikonyo. Nizisubiri ziive kwanza? (Msomaji, Thika)

Usisubiri. Stroberi si embe wala ndizi: ikishachumwa, utamu wake hauongezeki, hata wekundu ukikolea. Zikate vipande, kila kilo moja uipe gramu 150 za sukari, ugeuze taratibu hadi sukari iyeyuke na juisi itoke. Tia kwenye kopo na uache nafasi ya vidole viwili juu, maana juisi itapanuka.

Ni kweli baridi ya friza inaua viini? (Mwanafunzi, Eldoret)

Si kweli, na naomba hili tulizingatie. Mwaka 2012 nchini Ujerumani watu wapatao 11,000, wengi wao watoto wa shule, walitapika na kuharisha. Chanzo kilikuwa stroberi zilizogandishwa, zilizoagizwa kutoka China zikiwa na virusi vya noro. Virusi hivyo huvumilia barafu bila shida. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuzishika, zioshe kwa maji safi ya kunywa, na kama unashuku zilikotoka, zichemshe vizuri uzifanye jemu.

Stima ikipotea? (Msomaji, Kitengela)

Usifungue mlango, hata kuchungulia. Friza iliyojaa hutunza baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Stima ikirudi, zile ambazo bado zina barafu ndani unaweza kuzigandisha tena, ingawa zitalainika zaidi. Zilizoyeyuka lakini bado ni baridi, zipike siku hiyo hiyo.

Zikae muda gani? (Wengi)

Miezi minane hadi kumi na miwili. Ukiona zimekauka na kupauka, hewa iliingia mfukoni. Hazina madhara, ila ladha imekwenda, kwa hiyo zipike.