Jani likishaanguka msituni: maswali na majibu

Maswali yaliyonifikia safari hii yanahusu kitu tunachokikanyaga bila kukiangalia: majani yaliyopukutika kwenye misitu ya mvua ya tropiki. Nayajibu kwa furaha, maana kila nikiingia msituni macho yangu huwa chini kuliko juu.

Msitu wa mvua hupukutisha majani mwaka mzima. Mbona hayarundikani yakatufika magotini?

Kwa sababu yanaliwa karibu kwa kasi ileile yanayoanguka. Kwenye misitu ya nyanda za chini, hekta moja hupokea takriban tani 10 za majani, vijiti, maua na matunda kwa mwaka, zikipimwa kavu. Hata hivyo ukifukua kwa mkono, mara nyingi unagusa udongo baada ya sentimita chache tu. Joto halishuki, unyevu upo karibu muda wote, na waozeshaji hawana msimu wa kulala. Jani laini laweza kwisha kwa miezi michache. Kwenye misitu ya misonobari ya kaskazini mwa dunia, kwenye baridi, majani hukaa miaka mingi mpaka yakawa godoro.

Wanaoozesha ni bakteria peke yao?

Bakteria wamo, lakini fundi mkuu ni kuvu. Chukua jani lililoanguka, lenye unyevu, lililofunikwa na mengine, uligeuze taratibu. Utaona nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zimelishona na jani la chini yake, hata ukivuta moja linakuja na jingine. Huyo ndiye kuvu mwenyewe. Uyoga unaochomoza juu ni kiungo chake cha kuzalia tu. Sasa angalia pale jani lilipopauka likawa karibu jeupe. Hapo kuvu wamekwisha kuiyeyusha lignini, kiini cha ugumu wa mimea, ambayo viumbe wachache sana duniani wanaiweza.

Ila kuvu na bakteria wanahitaji wa kuwatafunia. Jongoo humega jani na kulisaga, lakini tumboni mwake humeng'enywa sehemu ndogo tu. Nyingine hutoka kama vipunje vya kinyesi, laini na vyenye unyevu, na vijidudu huvivamia. Nyungunyungu, utitiri na mchwa nao wana zamu zao.

Watafiti huipima kazi hii kwa kifaa rahisi mno: kifuko cha wavu. Hutia ndani majani makavu yaliyopimwa uzito, huyaacha msituni, na baada ya wiki kadhaa huyapima tena. Wavu ukiwa na matundu madogo yasiyopitisha jongoo wala mchwa, kwa kawaida majani huchelewa kuoza. Na mchwa asidharauliwe. Huko Borneo, wakati wa ukame wa El Niño wa 2015 hadi 2016, palipokuwa na mchwa wengi majani yalioza kwa kasi zaidi na udongo ulishika unyevu zaidi kuliko pale watafiti walipowapunguza. Tunamjua kama mla nguzo za nyumba. Msituni ni mtumishi wa miti.

Tukifyeka msitu na kuchoma, mazao hustawi misimu miwili mitatu kisha yanadhoofu. Rutuba ile yote inakwenda wapi?

Swali hili limenigusa, kwa kuwa watu wengi wamepoteza jasho lao hapa. Udongo mwingi wa misitu ya mvua ni mzee sana. Mvua imeuosha kwa mamilioni ya miaka, na fosforasi iliyobaki imeng'ang'aniwa na chuma na alumini; chuma ndicho kinachoupa wekundu au umanjano wake. Sehemu kubwa ya virutubisho vinavyotumika imo ndani ya miti yenyewe na katika majani yanayooza. Ndiyo maana mizizi myembamba hupanda juu, ikajipenyeza kati ya majani, ikishirikiana na kuvu kunyonya kinachoachiliwa kabla hakijazama. Huko San Carlos de Río Negro, Venezuela, watafiti walinyunyizia kalsiamu na fosforasi zenye mnururisho, ili waweze kuzifuatilia, juu ya mkeka huo wa mizizi. Matokeo yao, yaliyochapishwa 1978, yalionyesha kwamba asilimia 99.9 ilinaswa papo hapo.

Moto huukata mnyororo huo. Naitrojeni nyingi hupaa na moshi. Majivu huacha potasiamu, kalsiamu na fosforasi, hupunguza na uchachu wa udongo, ndiyo neema ya msimu wa kwanza. Kisha mvua huosha, mavuno hubeba, na mkeka wa kunasa haupo tena. Udongo wa volkano ni habari nyingine. Wenyewe una akiba.

Jani huanguka na virutubisho vyake vyote?

Hapana. Kabla ya kuliachia, mti hulinyonya takriban nusu ya naitrojeni na fosforasi. Ule umanjano ni dalili ya kazi hiyo. Kalsiamu hubaki ndani mpaka jani lioze. Potasiamu haingoji kuoza, mvua huitoa mapema.

Majani yakiongezeka, si udongo utahifadhi kaboni zaidi?

Ingetarajiwa hivyo. Kwenye rasi ya Gigante, Panama, tangu 2003 watafiti wamekuwa wakikwangua majani kwenye vipande fulani vya msitu kila mwezi na kuyamwaga kwenye vipande vingine. Palipoongezwa majani, hewa ukaa iliyotoka ardhini ilizidi ile ambayo majani ya nyongeza yangeitoa. Chakula kipya kiliwachangamsha vijidudu wakala na kaboni ya zamani. Palipokwanguliwa, fosforasi iliyofungwa kwenye mboji ilipungua.

Mito haibebi chochote kwenda baharini? Pengo huzibwa na nini?

Hubeba, hata msitu uwe hodari namna gani. Kiasi hurudishwa na miamba inayomomonyoka chini, kiasi na mvua na vumbi. Kwa Amazon, vumbi hilo hutoka Sahara, mengi yakihusishwa na bonde la Bodélé nchini Chad, lililokuwa chini ya ziwa zamani. Makadirio ya satelaiti yaliyotolewa 2015 yanasema upepo huvusha bahari ya Atlantiki na kuangusha juu ya bonde la Amazon takriban tani 22,000 za fosforasi kwa mwaka, kiasi kinachokaribiana na kile ambacho mvua na mito huondoa.